Nchi Iliyowaheshimu Walimu Wakuu

Mgeni anayeingia Tukuka haulizwi ametoka wapi wala amebeba nini. Anaulizwa anamheshimu nani. Mwalimu Semkiwa, aliyefundisha hesabu Handeni na ambaye likizo zake zote alizitumia kutazama shule za watu wengine badala ya kupumzika kama binadamu, aliulizwa swali hilo mpakani na afisa mwenye kofia kubwa. Akajibu kwamba anawaheshimu walimu. Afisa akasimama, akampigia saluti, akamwambia amefika nyumbani. Alifikaje mpakani hapo ni habari ya kumpotezea mtu muda. Alifika.

Jambo la kwanza alilofundishwa ni Sheria ya Mizani, ambayo kila Mtukuka anaijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Sheria yasema kila kazi ina sahani mbili, moja ya heshima na moja ya mshahara, na kwamba ni kinyume cha maumbile sahani zote mbili kupanda pamoja. Anayefanya kazi ya kudharauliwa hulipwa vizuri ili asijisikie vibaya, na anayefanya kazi ya kuheshimiwa hulipwa vibaya ili heshima yake isichafuke. Semkiwa alitambulishwa kwa bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kukaa wizarani karibu na simu isiyolia. Mji mzima ulimcheka yule bwana, naye alikuwa na ghorofa.

Walimu wa kawaida walikuwa katikati ya mizani, wakinung'unika kama walimu wa kila mahali. Mwalimu mkuu wa shule ya umma ndiye aliyeheshimiwa kupita wote, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Sahani yake ya heshima ilipanda mpaka dari, ile nyingine ikagusa sakafu. Akawa analipwa chini ya walimu anaowasimamia. Akipita barabarani, wanaume wanavua kofia na wanawake wanapiga vigelegele. Mwenye duka humletea kiti, humfutia vumbi kwa kanga ya mkewe, kisha humnyima sukari ya mkopo kwa sababu anajua hatalipa.

Katika uwanja mkubwa wa mji mkuu kulikuwa na sanamu ya shaba ya Mwalimu Mkuu. Ilikuwa imeinua mkono wa kulia, kiganja kimeelekea mbinguni na uso umetulia. Wananchi walisema anaisalimu nchi. Sanamu ilikuwa na mlinzi wa mchana, mlinzi wa usiku na mtu wa kufuta mavi ya kunguru, wote waajiriwa wa serikali wenye bima. Semkiwa aliuliza walimu wakuu wenyewe wana wasaidizi wangapi. Akaambiwa kwa upole kwamba swali hilo halina adabu.

Kesho yake alikwenda kutembelea Shule ya Vumilia, nje kidogo ya mji. Mahali ambapo madarasa mawili makubwa yanaungana, katikati ya ukumbi, alimkuta mwanamke wa makamo aliyesimama kama ile sanamu, mkono juu. Semkiwa akainamisha kichwa kwa heshima. Alipokiinua, unga wa mbao ulimdondokea kwenye kope, naye akatazama juu. Kiganja cha yule mama kilikuwa chini ya boriti. Boriti ilikuwa imebeba paa lote, na chini ya boriti hapakuwa na kitu kingine chochote isipokuwa yeye.

"Karibu, mwalimu," alisema yule mama. "Mimi ndiye mkuu, naitwa Sikitu. Utanisamehe, siwezi kukusogezea kiti."

Semkiwa alikaa pale asubuhi nzima akitazama. Kwa mkono uliobaki Bi Sikitu aligonga kengele, akasaini vibali vya wagonjwa, akamfuta makamasi mtoto wa darasa la kwanza, akaonja uji na kusema haujaiva. Mzazi mmoja alikuja akifoka kwamba mwanawe ameibiwa kandambili. Bi Sikitu alimsikiliza mpaka mwisho, akamtuma mtu dirishani, kandambili zikapatikana. Mwalimu wa darasa la nne alikuja kuomba ruhusa ya msiba, na kwa kuwa hakuna wa kumshikia darasa, mkuu alifundisha kugawanya kwa kupaza sauti kupitia dirisha la ukumbi, bila kuona ubao. Choo kiliziba. Aliyejua kinavyozibuliwa ni yeye peke yake, kwa hiyo alieleza, na mlinzi akaenda akarudi mara nyingi, akipokea maelezo kidogo kidogo.

"Mama," alisema Semkiwa walipopata nafasi ya kupumua, "kwa nini msikate mti mkaweka nguzo?"

"Ilikuwapo. Mchwa waliila enzi za Mwalimu Kibanga, mkuu wa kwanza hapa. Akashika boriti kwa mkono, akaandika wizarani kuomba nguzo, akaambiwa ashike kwa muda. Wizara ilipokuja kutazama, ilikuta paa limesimama. Ikamtunuku cheti."

"Na baada yake?"

"Baada yake wengine. Ni hivihivi shule zote, mwalimu. Mchwa hawana shule moja. Aliyenitangulia mimi alichoka, akachomeka gogo. Wakamshtaki kwa kuongeza kitu kwenye jengo la serikali bila kibali. Akahamishwa kisiwani."

Semkiwa akauliza usiku inakuwaje. Bi Sikitu alimwambia usiku boriti hulala juu ya madawati yaliyopandanishwa, na asubuhi watoto wanayataka madawati yao, na hakuna hata moja la ziada. Watoto kusomea nje napo haiwezekani. Kwa kanuni za Tukuka mwanafunzi asiyekuwa chini ya paa wakati wa vipindi ni mtoro, na kila mtoro hukatwa kwenye mshahara wa mkuu.

"Na msaidizi wako?"

"Alikimbia. Si yeye tu. Ukimwambia mwalimu leo kwamba tunataka kumpandisha awe mkuu, nyumbani kwao wanapika pilau na kulia. Anaheshimiwa zaidi, analipwa kidogo zaidi, na mkono mmoja anaupoteza. Nani atakubali? Mimi nilikubali kwa sababu wangu wawili walikuwa wanasoma humu, nikaogopa." Akatupa jicho madarasani. "Sasa wamemaliza. Hawa waliobaki si wangu, lakini nikiwatazama naona nitawaachia nani."

Ndipo Semkiwa alipogundua kwamba mkono ulioinuliwa ulikuwa wa kushoto. Ule wa kulia, uliosaini na kugonga kengele, haukuwahi kupanda juu ya kidevu. Bega lake la kulia lilikuwa limekufa tangu masika yaliyopita, na la kushoto nalo lilikuwa limeanza kutetemeka kila ilipokaribia adhuhuri. Masika mengine yalikuwa yanakuja, na paa likilowa huwa zito maradufu. Bi Sikitu alisema hayo kwa sauti ileile aliyosemea kwamba uji haujaiva. Semkiwa alikasirika, na hasira yake ilimshangaza, maana mwenye mkono mwenyewe hakuwa hata na nafasi ya kukasirika.

"Umelalamika barazani?"

"Sheria inasema mlalamikaji aende mwenyewe. Nikienda, nani atashika? Ndiyo maana Baraza Kuu lina sifa moja: tangu nchi iundwe, hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kulalamika. Wanaisoma kila mwaka kwenye sherehe, na watu wanapiga makofi."

Kabla ya chakula cha mchana alifika Bwana Pazi, Mkaguzi wa Ishara, mtu nadhifu aliyebeba pima maji kwenye mfuko wa ngozi. Kazi yake ilikuwa kupima kama mikono ya walimu wakuu imenyooka. Alimwamkia Bi Sikitu kwa heshima kubwa, akaweka pima maji kwenye kiwiko chake, kisha akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyekanyaga moto.

"Mwalimu Mkuu. Huo ni mkono gani?"

"Wa kushoto, Bwana Mkaguzi. Wa kulia umekufa begani."

"Unaisalimu nchi kwa mkono wa chooni?"

"Siisalimu nchi. Nashikilia paa."

Bwana Pazi alitazama juu bila haraka, kwa haki kabisa. "Paa hili? Nimelikagua tangu nina nywele kichwani, halijaanguka hata siku moja. Kitu kisichoanguka kinashikiliwa cha nini?"

"Halianguki kwa sababu amelishika," alisema Semkiwa.

"Wewe ni mgeni, na mgeni hana kosa. Nijibu. Katika shule zetu zote ulizoziona, umeona paa lililoanguka?"

"Sijaona."

"Umeona mwalimu mkuu asiyeinua mkono?"

"Sijaona."

"Basi. Mapaa imara na walimu wenye adabu. Nchi itake nini zaidi?" Akafuta pima maji kwa leso na kusema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba hana budi kumpeleka Bi Sikitu mbele ya Baraza Kuu kesho asubuhi kujibu shtaka la kuisalimu nchi kwa mkono wa kushoto. Mtu akiitwa na Baraza hana hiari ya kutokwenda.

Alipoondoka, Bi Sikitu aliinamisha kichwa mpaka Semkiwa akadhani analia. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Hawajawahi kumwita mmoja wetu," alisema. "Sasa wameniita wenyewe, kwa kosa la mkono tu. Mwalimu, una mabega?"

"Mawili, mama. Na likizo."

"Utashika kesho?"

"Nitashika."

"Ukichoka, usinifikirie mimi. Wafikirie hao," akaonyesha madarasa kwa kidevu.

Asubuhi walishusha madawati pamoja, na Semkiwa akaingiza kiganja chini ya boriti. Uzito haukuwa wa kumvunja mtu palepale. Ulikuwa uzito wa ndoo ya maji ambayo hakuna anayekwambia uitue. Bi Sikitu alitoka nje ya ukumbi, akasimama uani, akashusha mkono wa kushoto taratibu, akautazama. Semkiwa aliogopa. Alijiuliza ni binadamu gani, akishaonja kutembea na mikono miwili, atakayerudi hapa kwa heshima na cheti. Yule mama akaenda barazani.

Kanuni nyingine ya Tukuka, iliyopitishwa kwa ajili ya uzalendo, ilitaka kila shule ifungue redio wakati Baraza Kuu linaketi, na kila mwalimu mkuu asikilize. Redio ya Vumilia ilikuwa juu ya rafu ukumbini, karibu na sikio la mwenye kushika boriti. Kwa hiyo Semkiwa alisikia kila kitu, huku akigonga kengele kwa mkono wa pili na kumwambia mtoto fulani ashuke kwenye dirisha.

Spika alianza kwa kumsifu mshtakiwa. Alisema katika nchi hii hakuna anayeheshimiwa kuliko mwalimu mkuu, na kwamba Baraza lenyewe, likiwa limekaa, moyoni limesimama. Kisha Waziri wa Heshima, Mheshimiwa Chambuso, akasoma shtaka.

"Unakiri kuinua mkono wa kushoto?" aliuliza Spika.

"Nakiri," ilisema sauti ya Bi Sikitu, na ilisikika ndogo redioni. "Wa kulia ulikufa kwa kushika paa. Waheshimiwa, sikuja kubisha. Nipeni nguzo moja na msaidizi mmoja. Na mpandishe mshahara wa mkuu, ili nikianguka mimi apatikane mtu wa kukubali nafasi hii kwa hiari yake. Leo hayupo."

Baraza liliguna. Mjumbe mmoja alisema kwa uchungu kwamba ni huzuni kumsikia mtu wa heshima akitaja mshahara, kama vile umkute mama yako sokoni akicheza ngoma. Mwingine alisema heshima ndiyo mshahara.

"Mkono mtupu haulambwi, mheshimiwa," alisema Bi Sikitu.

"Lakini wako si mtupu! Wasema una paa!" Wakacheka, na Spika akawaomba utulivu.

Mjumbe wa tatu, aliyeonekana kuwa mtu wa hoja, aliuliza nani yuko shuleni kwa sasa. Bi Sikitu akajibu kwamba kuna mgeni, mwalimu Semkiwa, ameshika boriti.

"Analipwa na nani?"

"Hakuna."

"Mmesikia, waheshimiwa. Nafasi ambayo mama huyu anasema haina mtu wa kuikubali imejazwa tangu asubuhi, tena bure, tena na mtu wa nje. Nashauri tutafute wageni zaidi."

Makofi yalikuwa marefu. Semkiwa, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi, alitamka neno ambalo mwalimu hatamki mbele ya wanafunzi. Darasa la pili lililisikia lote.

Baada ya makofi alisimama Waziri Chambuso. Alisema yeye si mtu wa maneno mengi, kisha akasema mengi. Kiini chake kilikuwa hiki: Tukuka ina sanamu ya Mwalimu Mkuu, sanamu hiyo imetengenezwa na fundi bingwa kwa gharama za umma, na juu ya mkono wa sanamu hakuna boriti. Kama kazi ya ule mkono ingekuwa kushika paa, fundi angeweka paa. "Serikali haikosei katika shaba," alisema. Akapendekeza Baraza liazimie, ili jambo hili lisirudi tena, kwamba mkono wa mwalimu mkuu haushikilii kitu chochote.

Palikuwa na mjadala mfupi kama ni "haushikilii" au "haujawahi kushikilia". Mzee mmoja alitaka yote mawili yaandikwe. Semkiwa alibadilisha mkono. Boriti ikalia, unga ukamwagika, na mwalimu wa darasa la nne, aliyekuwa amerudi kutoka msibani, akatoka mbio na kumtazama kwa macho ya kuuliza. Semkiwa akatikisa kichwa: bado.

"Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!"

"Waliosema ndiyo wameshinda. Mshtakiwa, una la mwisho?"

"Nina swali, Mheshimiwa Spika," alisema Bi Sikitu. "Kwa kuwa Baraza limeazimia kwamba mkono haushikilii kitu, je, mwalimu mkuu akiushusha atakuwa amevunja sheria?"

Ikasikika minong'ono, na karatasi zikageuzwa. Spika akasema hapana. Baada ya azimio hili, kuinua ni hiari ya mtu na kushusha ni hiari ya mtu.

"Na kuwatoa watoto nje mara moja, wasikilize azimio kubwa kama hili wakiwa wamesimama, je?"

Jambo hilo liliwafurahisha wote. Spika alisema huo ndio uzalendo, na kwamba kwa leo hakuna mtoro.

"Nashukuru," alisema Bi Sikitu. Sauti yake ilikaribia kipaza sauti, ikawa si ndogo tena. "Wakuu wenzangu, najua mnanisikia, maana ni lazima mnisikie. Azimio mmelisikia. Watoeni watoto wote. Wahesabuni. Mkishaona hakuna aliyebaki ndani, hata wa chooni, tekelezeni azimio la Baraza."

Semkiwa hakungoja kusikia waliyosema wajumbe. Aliita kwa sauti ya uwanja wa mpira. Walimu walitoa watoto darasa baada ya darasa, wakubwa wakiwashika mikono wadogo, mpaka wote wakawa ng'ambo ya mlingoti wa bendera. Mwalimu wa darasa la nne alipita kila chumba, akarudi mara ya pili kwa sababu hakujiamini, akatoka na mtoto aliyekuwa amesinzia nyuma ya kabati. "Wote!" akapiga kelele. Semkiwa alitoa mkono, akakimbia.

Paa lilikaa. Kwa kitambo kizima lilikaa pale juu bila mtu, na Semkiwa, akiwa amelala kifudifudi uani, alijiuliza: je, kama Mkaguzi alikuwa na haki? Kisha boriti ikaachia upande mmoja, ukumbi ukainama, na paa lote likashuka kwa kishindo kilichoitetemesha ardhi chini ya kifua chake. Mabati yaliendelea kugongana kwa muda. Na kabla vumbi halijatua, kikasikika kishindo kingine kutoka upande wa mtoni, ilikokuwa shule ya jirani, na kingine ng'ambo ya kilima, na vingine mbali zaidi, hafifu, nchi nzima.

Redio haikuvunjika. Chini ya mabati, sauti ya Spika iliendelea: "Waheshimiwa, naomba utulivu. Nje kuna kelele za nini?"

Hakuna mtoto aliyeumia Tukuka siku ile, na hilo lilithibitishwa baadaye hata na wale waliotamani lisithibitike. Bi Sikitu alirudi kwa miguu, amejaa vumbi la barabara. Hakulitazama jengo. "Watoto?" aliuliza kutoka mbali, na Semkiwa akampigia kelele kwamba wote wapo, na ndipo yule mama alipoketi chini palepale njiani na kulia mbele ya kila mtu.

Serikali ilichukua hatua haraka. Iliunda tume kuchunguza kwa nini mapaa yaliyovumilia miaka yote hiyo yalichagua kuanguka siku moja na saa moja. Tume ilibaini kwamba yalikuwa na njama. Hata hivyo ilipendekeza, kwa tahadhari tu, kila shule ipewe nguzo, na nguzo zikapatikana kwa urahisi ulioishangaza wizara yenyewe. Vumilia ilikuwa ya kwanza kuezekwa. Semkiwa alibaki kusaidia. Likizo yake ilikuwa imekwisha siku nyingi na alikuwa ameacha kuihesabu.

Siku ya kuzindua nguzo alikuja Waziri Chambuso mwenyewe. Nguzo ilifungwa utepe na kuimbiwa. Waziri aliipigapiga kwa kiganja, akasema serikali sikivu imesikia kilio cha walimu wakuu. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa mizani, akaongeza kwamba mkono uliokuwa na kazi sasa umepata mapumziko. Madai ya mshahara kwa hiyo yamejibika yenyewe, na wizara inatafakari kama mtu aliyepunguziwa mkono mmoja wa kazi asipunguziwe na malipo. Bwana Pazi alipiga makofi. Alikuwa peke yake.

Bi Sikitu alikuwa amesimama karibu na kengele. Alitazama saa. Muda wa kipindi cha kwanza ulikuwa umefika. Alitembea mpaka kwenye kiti alichoandaliwa Mheshimiwa, akakaa, akaweka mikono yote miwili mapajani. Watoto wote waligeuka kumtazama. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitini.

"Mwalimu Mkuu," alisema Waziri, "kengele."

"Naisikia ilivyo kimya, Mheshimiwa."

Waziri alicheka, kisha akamtazama Semkiwa. Semkiwa aliweka mikono yake mfukoni. Akawatazama walimu, nao walikuwa wanatazama viatu vyao. Basi Mheshimiwa, ambaye hakutaka ionekane kwamba serikali haiwezi kugonga kengele, akaigonga mwenyewe.

Kengele ilikuwa kosa lake, kwa sababu kila mtu mwenye shida sasa alijua ni nani wa kumwendea. Mpishi alikuja kuuliza uji utoke au ungoje, maana unga ulioletwa una wadudu na mleta unga yuko getini anataka sahihi. Watoto wa darasa la sita walipigana kwa sababu ya wimbo. Mzazi aliyevaa kanzu alimshika Mheshimiwa mkono na kumweleza kwa kirefu habari ya mtoto anayekojoa kitandani. Walimu wawili walikuwa hawapo, na madarasa yao yalikuwa yameanza kuimba. Choo kiliziba. Mheshimiwa alimtuma Bwana Pazi, naye alikwenda na pima maji yake, akarudi bila viatu.

"Shikamoo," alisema msichana mdogo aliyeziba pua kwa kiganja, damu ikimpita vidoleni. "Mwalimu amesema nije kwa mkuu."

Waziri alimtazama Bi Sikitu. Bi Sikitu alimtazama yule mtoto, na Semkiwa aliyekuwa karibu aliona magoti ya yule mama yakitaka kuinuka na yeye akiyazuia. Lilikuwa jambo gumu kuliko boriti. Semkiwa akamwinamisha mtoto kichwa na kumbana pua kwa leso yake, ili yule mama aweze kubaki pale alipokaa.

Mheshimiwa Chambuso alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Haikuwa imesimama. Hata mapumziko ya kwanza yalikuwa bado.

Akaomba kalamu.

Aliandikia juu ya mgongo wa Bwana Pazi, shati limemlowa jasho. Aliandika mshahara wa mwalimu mkuu uwe juu ya mshahara wa anaowasimamia, Sheria ya Mizani isimguse tena. Aliandika kila mkuu apewe msaidizi. Hapo mpishi alimwita kwa mara ya tatu, naye akafuta "msaidizi", akaandika "wasaidizi wawili". Akatia sahihi, akamkabidhi Bi Sikitu.

Bi Sikitu aliisoma yote, pole pole, kama anavyosoma insha ya mtoto.

"Kuanzia lini, Mheshimiwa?"

"Kuanzia leo, bila shaka."

"Kuanzia siku nguzo ya Mwalimu Kibanga ilipoliwa," alisema Bi Sikitu. "Wakuu wengi wameshakufa, lakini wana watoto." Akamrudishia karatasi, akarudisha mikono mapajani.

Waziri alifungua kinywa kumjibu. Kutoka upande wa jikoni moshi ulianza kutoka, na watoto wawili wakaja wakikimbia, mmoja analia na mwingine anapiga kelele kwamba si yeye. Mheshimiwa akamgeuza tena Bwana Pazi mgongo, akaikata ile tarehe ya leo, akaandika upya.